Sifa ya Damu ya Bandia

Ziko sanaa ambazo watu huzisifu hadharani, wakazitungia mashairi na kuzijengea nyumba za makumbusho, na ziko sanaa nyingine ambazo watu hao hao huzifurahia milango ikiwa imefungwa, na asubuhi wakiulizwa jana usiku walitazama nini hujibu kwamba walitazama taarifa ya habari. Miongoni mwa hizi za pili imo sanaa ya filamu za kutisha zilizotiwa mzaha, ambazo ndani yake damu humwagika kwa kadiri isiyopata kuonekana katika machinjio yoyote ya dunia, viungo hukatwa, macho huruka, na mtazamaji mwishoni hujifuta machozi asiweze kuapa kama yalikuwa ya hofu au ya kicheko. Mafundi wa kazi hii aghalabu hutajwa kwa kejeli, kama hutajwa kabisa. Nami, kwa kuwa hivi karibuni nilipata wasaa wa kuketi na mojawapo ya kazi zao kwa macho yaliyotulia, naona ni haki waandikiwe sifa kwa wino uleule wanaoandikiwa wachongaji wa milango ya Lamu.

Kazi yenyewe ni Evil Dead II, filamu ya Mmarekani Sam Raimi, iliyotoka Machi 1987. Niliiona kwanza Mombasa, zama za kanda za video za kukodi, nami ni kijana wa hirimu ile ambayo hutazama filamu ili kesho iwaambie wenzake kwamba haikuogopa. Nimeiona tena Kaikor, kaskazini ya Turkana, upande ule ambao Kenya hukutana na Ethiopia na Sudani Kusini, ndani ya chumba cha duka chenye umeme wa jua, nimebanwa baina ya vijana wa hapo na wazee wachache walioingia na ekicholong zao, vile vigoda vya mti ambavyo mwanamume wa Kiturkana hukalia mchana na kulazia kichwa usiku, na ambavyo hatembei bila ya kuwa navyo mkononi. Zamani niliipenda filamu hii. Sasa nimeipenda zaidi, na tofauti ya mapenzi hayo mawili ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Hadithi yake haina uzito, na heri iwe hivyo. Kijana aitwaye Ash, ambaye Bruce Campbell ndiye anayemwigiza, anakwenda na mpenzi wake Linda kwenye kibanda cha mbao ndani ya msitu, wakae faraghani. Humo wanakuta kinasa sauti, na ndani ya kinasa sauti sauti ya mwanachuoni akisoma maneno ya kitabu cha kale cha wafu; maneno yanaamsha uovu usio na kiwiliwili, unaokimbia chini ya miti na kuvunja kila mlango ulio mbele yake; na kabla mtazamaji hajakaa sawasawa, Linda amekwisha kupagawa na mpenzi wake amelazimika kumkata kichwa kwa sepetu. Baada ya hapo hubaki usiku, kibanda, mtu mmoja na huo uovu. Wengine huja baadaye, bintiye yule mwanachuoni na watu walioandamana naye, lakini hao, nisifiche, wameletwa zaidi kwa ajili ya kuongeza hesabu ya maiti.

Mwanzo huo umewatia wapenda filamu katika ikhtilafu isiyokwisha. Filamu ya kwanza, The Evil Dead, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Detroit Oktoba 1981, ilikuwa na vijana watano katika kibanda kama hicho. Hii ya pili inaanza kwa kuisimulia ile upya, kwa ufupi, na watu wawili tu, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kupata ruhusa ya kutumia vipande vya picha za ile ya kwanza. Basi watu huuliza: je, huu ni mwendelezo, au ni kazi ileile iliyofanywa mara ya pili? Mtoto aliyelelewa na bibi mwenye ngano haoni mushkeli. Bibi akisimulia leo hadithi aliyoisimulia wiki iliyopita, huwaondoa watu asiowahitaji, hufupisha safari, hukimbilia pale ambapo jana wajukuu walipiga kelele, na akifika hapo hutia chumvi. Katika ngano ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja, paka wa sultani hula mnyama baada ya mnyama, na kila akishtakiwa sultani hujibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia, mpaka paka akafikia kula watu, na mwishowe wana wa sultani mwenyewe, ndipo ikajulikana kwamba si paka bali ni nunda. Kisha mwanawe mdogo hutoka kwenda kumwinda nunda huyo, akawa analeta nyumbani windo baada ya windo, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, na kila mara mama yake humwambia, mwanangu, siye. Hapo kuna maiti wengi na msiba mkubwa, na hapana mtoto wa pwani aliyepata kuisikia bila ya kucheka. Kitisho na kicheko hutoka katika tendo moja, tendo la kuzidisha. Na Raimi, ambaye sidhani kama alipata kusikia habari za nunda, amefuata kanuni hiyohiyo hatua kwa hatua.

Nilipoitazama nikiwa kijana nilikuwa nangoja kitisho, na anayengoja kitisho hana nafasi ya kutazama kitu kingine. Hofu humbana mtu macho. Hujua kwamba kuna jambo litatokea nyuma ya mlango, basi humezwa na mlango, asione taa, asione ukuta, asisikie jinsi sauti ilivyokatwa kidogo kabla ya mshindo. Kicheko kilinijia wakati ule, lakini kilinijia kama mgeni asiyealikwa, nikamkaribisha kwa haya. Mara ya pili hofu ilikuwa imekwisha kutumika yote. Kila pigo nilikuwa nalijua kabla halijaanguka. Na hapo ndipo nilipoanza kuziona kazi za mikono ya watu.

Kazi hizo zilianza katika ufukara. Filamu ya kwanza ilipigwa Tennessee, karibu na mji wa Morristown, kuanzia mwisho wa mwaka 1979, kwa fedha zilizokusanywa kwa watu mmoja mmoja, na gharama yake yote haikupita mbali dola 375,000, ambazo kwa Hollywood ni fedha za chai. Damu yake ilikuwa ni sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi. Mwendo wa ule uovu usioonekana, ambao hadi leo huwasisimua watu nywele, ulipatikana kwa kufunga kamera katikati ya ubao na watu wawili wakaushika ncha zake mbili, wakatimka mbio msituni. Raimi, Campbell na mtayarishaji wao Robert Tapert walikuwa marafiki wa Michigan waliokuwa wakipiga vifilamu vya vichekesho kwa kamera ndogo za Super 8 tangu ujana wao, wakiwaiga wale wachekeshaji watatu wa kale, Three Stooges, wa kutiana vidole machoni na kupigana makofi. Na hilo ni jambo la kukumbukwa, maana mizizi ya Evil Dead II iko katika vile vifilamu vya makofi kuliko katika filamu yoyote ya mizimu.

Kwa ile ya pili walipata riziki. Mwandishi Stephen King, ambaye aliisifu sana filamu ya kwanza na wakati huo alikuwa akifanya kazi na tajiri wa sinema Dino De Laurentiis, alimshawishi tajiri huyo awape fedha. Wakapata takriban dola milioni tatu na nusu, wakaenda Wadesboro, North Carolina, wakajenga vyumba vya kibanda chao ndani ya ukumbi wa mazoezi wa shule. Mikono ya bandia, vichwa na ngozi vilisimamiwa na Mark Shostrom, na miongoni mwa wasaidizi wake walikuwamo vijana watatu, Robert Kurtzman, Greg Nicotero na Howard Berger, ambao mwaka 1988 walianzisha karakana yao wenyewe, KNB, na kuanzia hapo ni vigumu kutazama filamu ya Marekani yenye jeraha bila ya kupita mikononi mwao. Mama yake yule binti, Henrietta, ambaye amezikwa chini ya sakafu na hakukubali kubaki huko, ni Ted Raimi, mdogo wake mwongozaji, ndani ya vazi la mpira lililomfunika mwili mzima. Joto la ndani ya vazi lile lilikuwa kubwa hata jasho likawa linakusanyika humo na kumwagwa. Na iko picha moja, pale Henrietta anapozunguka hewani, ambapo jasho la Ted hutoka sikioni mwa zimwi na kumwagika mbele ya macho ya watu. Hawakuikata. Niliwaonyesha vijana wa Kaikor jasho hilo, nao, ambao jua la Turkana limewafundisha yote yapasayo kujulikana juu ya jasho, walimhurumia zimwi kwa mara ya kwanza.

Lakini sifa ya damu ya bandia haiwezi kusemwa Kaikor bila ya kusema kwanza habari za damu ya kweli. Kwa Waturkana damu ni chakula. Mnyama hufungwa kamba shingoni, mshipa ukavimba, na mtu mwenye mkono thabiti huupiga kwa mshale mfupi ambao ncha yake imewekewa kizuizi usije ukazama kupita kiasi. Damu ikatoka, ikakingwa, na yule mnyama akaachwa aende zake malishoni. Damu hiyo haina papara. Hutoka kwa utepe mwembamba, hujaza chombo taratibu, na ikitulia kidogo tu huanza kufunga, kwa hiyo hukorogwa kwa kijiti mpaka nyuzi zake zikajizungusha kwenye kile kijiti na kutolewa, ndipo inywewe, pengine kwa maziwa. Kijana aliyekua akiliona tendo hili anaijua damu kwa uzito wake, kwa mwendo wake, kwa harufu yake na kwa rangi inayobadilika ikipigwa na upepo. Na iko damu nyingine katika mipaka ile, damu ya wizi wa mifugo na kulipizana kisasi, ambayo imeingia karibu kila ukoo, na ambayo mimi, mgeni, sikuthubutu kuizungumza katika chumba kile wala sitaizungumza hapa zaidi ya kusema kwamba ilikuwamo chumbani pamoja nasi.

Kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi. Nilijiuliza itakuwaje kuwaonyesha watu hawa mzaha wa damu, na kama haitakuwa ni kuwakosea adabu. Ikafika pale Ash, akiufukuza mkono wake mwenyewe uliokatika na kujificha ndani ya ukuta, anapoupiga ukuta risasi, na kutoka katika tundu la risasi ikamrukia usoni damu yenye nguvu ya bomba la maji lililopasuka, ikamwangusha, ikamzamisha, isikome. Wazee ndio waliocheka kwanza. Mmoja wao, akitafsiriwa na mjukuu wake, alitaka kujua ni ngamia wangapi waliotiwa ndani ya ukuta ule. Chumba kizima kikavunjika mbavu, na katika kicheko hicho nikaelewa jambo ambalo Mombasa lilinipita: uongo wa damu ile ni ruhusa. Kama ingalitoka kwa utepe mwembamba, ikaganda ukutani, hapana mtu ambaye angalicheka pale Kaikor, na pengine wengine wangalitoka nje. Kwa kutoka kama mafuriko ilijitangaza kuwa haikutoka kwa mama wala kwa ndugu wa mtu yeyote, na kila mwenye marehemu wake akawa huru kucheka bila ya kumvunjia heshima.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa sanaa hii, na hapa ndipo wengi wanaoijaribu wanapojikwaa. Damu ikiwa kidogo humtia mtu huzuni. Ikizidi kidogo humchefua. Ikizidi sana humchekesha. Nayo ikipita hapo humchosha, akaanza kutazama saa. Baina ya kuchefua na kuchosha kuna ujia mwembamba, na fundi hana budi kuupita akiwa anakimbia. Raimi huupita kwa kubadilisha kasi. Damu ya ukutani haikomi pale mtazamaji anapodhani itakoma. Huendelea, huendelea hata ikaanza kuwa ujuba. Kisha hurudi yote ukutani kwa ghafla, kukawa kimya. Ash anajikokota hadi kwenye kiti. Anakaa. Kiti kinavunjika. Kati ya mshindo wa kiti na kile kinachofuata kuna kitambo ambacho mhariri wa pupa angalikikata, na kukikata kungaliharibu kila kitu, kwa sababu ndicho kinachompa mtazamaji nafasi ya kudhani kwamba mzaha umekwisha. Ndipo kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani kinapogeuka na kuanza kucheka. Taa ya mezani inacheka, ikipinda shingo yake juu na chini; vitabu vinacheka; makabati yanacheka; naye Ash, baada ya kuvitazama, anajiunga navyo, akiiga mwendo wa ile taa, akicheka kwa sauti inayopanda mpaka ikageuka kuwa kilio bila ya mtu kuweza kuonyesha ni pumzi gani iliyokuwa ya mwisho ya kicheko na ipi ya kwanza ya kilio. Campbell hufanya hivyo kwa uso mmoja, na kama jambo hilo lingefanywa na mwigizaji wa tamthilia za wafalme lingefundishwa katika vyuo.

Nimetangulia kuutaja mkono, nami sina budi kuurudia, maana ndio kitovu cha filamu na ushahidi mkubwa wa ustadi wa mtu huyu. Kichwa cha Linda, kabla ya kuangamizwa, kilimng'ata Ash mkono wa kulia, nao umepagawa. Yeye mwenyewe hajapagawa, mkono tu. Anaingia jikoni kuuosha, na mkono unamshika uso. Tangu hapo Campbell anapigana na kiungo chake mwenyewe: mkono unamvunjia sahani kichwani moja baada ya nyingine, unampiga kichwa, unamshika nguo na kumpindua hewani akatua kwa mgongo. Hakuna hila ya mashine katika sehemu kubwa ya tendo hilo. Ni mtu anayejitupa. Tazama jinsi anavyogawanya mwili: bega hadi kifundo ni lake na linaogopa, kuanzia kifundo kwenda chini ni la adui na lina furaha. Akizimia, mkono haukuzimia. Unatambaa kwa kucha juu ya sakafu, ukitoa visauti vyembamba vya hasira, ukiuburuta mwili mzima wa mwenyewe kuelekea kwenye shoka la nyama, inchi kwa inchi, na uzito wa kile kiwiliwili kilicholegea unaonekana katika kila mvuto, hata mtazamaji hujikuta akiuonea mkono huruma kwa mzigo wake. Ash anaamka, anaupigilia kisu sakafuni, na kwa msumeno wa mota anaukata, akicheka. Damu inamrukia usoni. Kisha anaufunika kwa ndoo na kuweka vitabu juu ya ndoo ili usitoke, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya kwa panya.

Kijana mmoja aliyekuwa karibu nami aliuliza kwa nini hakuuchoma moto mara moja. Swali lake lilikuwa la haki, na filamu haina jibu.

Nilipolinganisha baadaye mambo ya filamu mbili hizo nikaona kwamba ubora wa ile ya pili hautoki katika wingi wa fedha peke yake. Ile ya kwanza ina tendo moja baya sana, miti ya msituni ikimdhalilisha msichana, lisilo na kicheko wala maana, ambalo Raimi mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba amelijutia. Katika ya pili, mwili unaopigwa, kutupwa, kukatwa na kulowanishwa kuliko miili yote ni wa shujaa mwenyewe. Anayetuchekesha ndiye anayeumia. Wachekeshaji wa kale wa kila nchi walilijua jambo hilo, na Abunuwasi wetu hulijua akipanda punda wake. Mzaha unaomwangukia dhaifu humwacha msikilizaji na uchungu mdomoni, na ule unaomwangukia mwenye kuusema humwacha na wepesi.

Rangi za damu nazo zina kisa chao. Ili kuwalainisha wale wanaopanga filamu kwa umri wa watazamaji huko Marekani, damu ya mizimu ilipigwa rangi mbalimbali, nyeusi, kijani na nyinginezo, kwa hoja kwamba kisicho chekundu si damu. Hoja haikusaidia, filamu ikaishia kutolewa bila ya daraja lolote, kwa jina la kampuni nyingine iliyotengwa kwa kazi hiyo. Lakini hila iliyoshindwa mbele ya wakaguzi ilifaulu mbele ya macho, kwa sababu zile rangi ziliizidishia damu uongo, na uongo, kama nilivyosema, ndio ruhusa. Wakaguzi hawajui mema waliyoitendea sanaa hii.

Na kwa kuwa nimewataja watu wenye mamlaka juu ya macho ya wengine, nikumbushe kwamba palikuwa na wakati ambapo serikali ya Kiingereza iliamini Mwafrika hawezi kuielewa filamu ya namna hii. Idara ya Filamu za Makoloni ilianzishwa mwaka 1939, na William Sellers, aliyeiongoza, alishikilia kwamba filamu za kuonyeshwa Waafrika ziende polepole, zisiwe na mizungu ya kamera, wala picha zisikatwe kwa haraka, ili akili za watazamaji zisichanganyikiwe. Kabla yake, kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri, Usambara, Meja Notcutt na wenzake walikuwa wamekwisha kujaribu kutengeneza filamu za kuwafundisha watu wa Afrika Mashariki kilimo, afya na kuweka akiba. Sina ugomvi na akiba. Ila ningependa Sellers angaliketi pale Kaikor, baina ya wale wazee, akaona jinsi mtu asiyejua kusoma anavyofuata kamera inayopindukia, inayokimbia kinyumenyume, inayopita dirishani na kumfukuza mtu mlango baada ya mlango, na jinsi anavyojua kwa uhakika, bila ya kuambiwa, ni wapi mwanasesere alipochukua nafasi ya mwigizaji. Waliigundua picha ya mwanasesere haraka kuliko mimi. Wanaokesha kutofautisha kichaka na adui kwa nuru ya nyota hawadanganywi na mpira uliopakwa rangi, wala hawachukizwi nao; huufurahia kama kiinimacho kizuri kinavyofurahiwa na mtu ambaye ameuona uzi.

Wala sinema si jambo geni Turkana. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, shirika la FilmAid lilikuwa likizungusha lori lenye kiwambo, likionyesha picha usiku chini ya mbingu kwa maelfu waliotoka Sudani, Somalia, Ethiopia na Kongo, na baadaye likawafundisha vijana wa kambini kutengeneza filamu zao. Lodwar na vituo vidogo vina vibanda vya video, na vibandani ndiko inakopatikana sanaa nyingine ambayo filamu hii iliniamshia shukrani kwayo, sanaa ya mfasiri wa filamu. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyezungumza kwa sauti za watu wote wa filamu. Kenya tuna DJ Afro, ambaye humgeuza mwuaji wa Kimarekani kuwa mtu wa mtaani anayedaiwa kodi. Na Uganda wamefika mbali kuliko wote, kwani Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo zisingetosha chakula cha mchana cha watu wa De Laurentiis, alimtia mfasiri, VJ Emmie, ndani ya filamu yenyewe, akiishangilia, akiidhihaki, akitabiri. Damu ya Wakaliga hutiwa ndani ya mipira ya kondomu na kupasuliwa kwa uzi. Mwanzo ilikuwa ya ng'ombe, hata ilipowaletea waigizaji maradhi ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Raimi na Nabwana hawakufundishwa na mwalimu mmoja, ila wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikia damu ya rangi.

Filamu hii si kamilifu. Wakishafika wale wageni wa kibandani, mwendo wake hulegea. Mzaha hugawanywa kwa watu wasiojua kuubeba, na kwa muda mrefu mtu hutamani waondoke ili Ash abaki tena na samani. Mambo ya kurasa za kitabu na maneno ya kusomwa yamewekwa kwa kuwa hadithi lazima ifike mahali. Lakini hata hapo kuna jicho linaloruka kutoka kwenye fuvu, likapita chumbani kwa utulivu wa ndege, likaingia kinywani mwa msichana aliyekuwa akipiga ukelele; na ukali wa yule mama wa Kiturkana aliyekuwa mlangoni, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekataa kuketi, akisema amepita tu kumchukua mtoto wake, ulivunjika hapo. Aliketi. Mtoto hakumchukua.

Mwishoni uovu unafungwa katika kimbunga cha angani ambacho kinammeza Ash pia pamoja na gari lake, na anaanguka katika karne za kale, mbele ya wapanda farasi wenye mavazi ya chuma, wanaompigia magoti kama mkombozi, naye, mwenye msumeno pale palipokuwa na mkono, anapiga yowe la kukata tamaa. Hapo palizuka ubishi. Kijana mmoja alishikilia kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kukomboa watu kwa kuwa hawezi hata kukamua. Mwingine akajibu kwamba kwa msumeno ule angelikata miiba ya kujengea zizi kwa asubuhi moja, na hilo ni ukombozi tosha. Wazee walimwunga mkono wa pili. Niliwaambia kwamba iko sehemu ya tatu, Army of Darkness, ya mwaka 1992, ambayo huyo mwenye msumeno anapambana na jeshi zima la mifupa, lakini wao walitaka kwanza ile ya kwanza, ya mwaka 1981, waione mizizi ya jambo. Nikawaonya kwamba ile haina kicheko kingi. Yule kijana wa ubishi wa zizi, ambaye usiku kucha alikuwa akimfasiria babu yake kwa sauti inayopanda na kutia mambo ambayo hayakuwamo kabisa katika Kiingereza, akaniambia niilete hivyo hivyo, kicheko watakitia wenyewe.